Michoro ya Baba na Udongo wa Detroit

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Mombasa. Mama yangu ni mtu wa Kisauni, naye ni mmoja wa wanafunzi waliopanda zile ndege za Tom Mboya kwenda kusoma Marekani mwanzoni mwa miaka ya sitini. Yeye akaangukia Michigan, akaolewa Detroit na Mmarekani mweusi aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya magari. Nilizaliwa 1967, mwaka wa zile fujo za Detroit. Mama husema alikuwa na mimba yangu mtaa ukiungua nje. Mwaka 1974 kazi ya baba ikaisha, haukupita muda ndoa nayo ikaisha, mama akanichukua tukarudi nyumbani. Baba akahamia Ohio, akaoa tena. Mawasiliano yetu yakawa ni kadi za sikukuu. Alifariki miaka michache iliyopita, na kwenye maziko sikuwepo.

Sasa kaka yangu wa baba mmoja, ambaye namjua kwa simu tu, amenitumia kasha kwa mkono wa mtu aliyekuja likizo. Ameniambia mimi ndiye mkubwa, ni haki yangu. Ndani mna michoro ya magari zaidi ya ishirini. Magari yenyewe ni ya ajabu: boneti ndefu, magurudumu makubwa kupita kiasi, milango haina vishikio. Mingine imekunjwa mikunjo migumu, kama iliyofichwa mahali. Mmoja nimeupenda mno, gari la rangi ya chungwa limechorwa kwa nyuma ubavuni, na pembeni pameandikwa 11-67. Kinachonichanganya ni sahihi. Michache ina herufi za jina la baba. Mingine ina sahihi za watu wengine kabisa, na iliyobaki haina kitu. Kuna na beji ya kazini ambayo jina la kampuni limefutika, ila "Highland Park" linasomeka. Na picha moja: baba amevaa aproni, mikono ya shati kaipandisha, ameshika chuma kama kikwanguo, kasimama kando ya gari la kahawia lisilo na vioo.

Kwetu hadithi ni moja tangu zamani, kwamba baba ndiye aliyebuni Dodge Charger ya 1968. Nimeisimulia mimi, wanangu wameringia nayo shuleni. Juzi kijana wangu kaingia mtandaoni kutafuta jina la babu yake. Hakulikuta. Kakuta jina la mtu mwingine. Akaniambia mezani, mbele ya watu, "Mama, babu alitupiga fiksi." Iliniuma, Mjomba.

Nikimuuliza mama, haniambii jambo la maana. Husema tu kwamba baba alikuwa akirudi na udongo wa kahawia kwenye kucha, unanuka kiberiti, na shuka hazitakati. Mama ana themanini na kitu. Siku nyingine yuko sawasawa, siku nyingine ananiita kwa jina la dada yake.

Kaka anataka tuuze. Kuna mtu kamwandikia, anataka apigiwe picha michoro yote kwanza, halafu atatoa bei nzuri, lakini kabla ya mwisho wa mwezi. Mimi niko huku, Detroit sina mtu. Nianzie wapi? Na je, baba alitudanganya?

Binti wa Highland Park, Mombasa

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa baba, na pole kwa ile kauli ya mezani. Vijana wa sasa jambo lisipokuwa mtandaoni kwao halijatokea.

Swali lako la mwisho nitalijibu kwanza, kwa kuwa ndilo linalokunyima usingizi. Sioni uongo hapa. Naona hadithi iliyosafiri kutoka Detroit hadi Kisauni ikapunguza maneno njiani. "Alifanya kazi kwenye magari kama ile Charger" ikawa "aliibuni Charger". Kasha ulilonalo linasema zaidi ya hadithi hiyo, na linaisahihisha pia.

Chukua ule mchoro wa 11-67. Kwa Wamarekani, gari la modeli ya 1968 liliingia madukani vuli ya 1967. Maana yake Novemba 1967, tarehe ya mchoro wako, Charger ya 1968 ilikuwa tayari inauzwa na watu wanaiendesha. Umbo la gari siku hizo liliamuliwa miaka miwili mitatu kabla ya kutoka kiwandani, kwa sababu baada ya kuchora kulikuwa na kazi ya kutengeneza kalibu za chuma za kukandamizia bati, na hiyo haifanywi kwa wiki mbili. Basi mchoro wa Novemba 1967 unatazama mbele, kwenye magari ya 1970 au 1971. Na Highland Park, mji mdogo uliozungukwa na Detroit, ndiko yalikokuwa makao makuu ya Chrysler, mwenye Dodge na Plymouth. Weka mbili hizo pamoja. Miezi ile, ndani ya majengo yale, ndipo yalipokuwa yakiundwa Plymouth Barracuda mpya na Dodge Challenger, yote mawili ya modeli ya 1970. Kwa wapenzi wa magari ya misuli, yaani gari la wastani lililotiwa injini ya kibabe, hayo si magari madogo kwa jina. Barracuda ya 1971 ya wazi, yenye injini ya Hemi, iliuzwa mnadani mwaka 2014 kwa dola milioni 3.5.

Sisemi baba yako alichora Challenger. Nasema tarehe inamweka karibu na meza hiyo, na inamwondoa kwenye ile ya Charger ya 1968, isipokuwa upate karatasi yenye tarehe ya nyuma zaidi. Kijana wako alipotafuta, bila shaka alikuta jina la Richard Sias. Ni kweli, umbo la Charger ile hupewa yeye, chini ya mkuu wa studio ya ubunifu Bill Brownlie. Barracuda ya 1970 hupewa John Herlitz, Challenger hupewa Carl Cameron. Juu yao wote alikuwepo Elwood Engel, aliyetoka Ford mwaka 1961 kuja kuongoza ubunifu wa Chrysler. Hayo ndiyo majina yaliyoingia vitabuni. Lakini gari halitoki mkononi mwa mtu mmoja likaenda barabarani.

Na hapo ndipo ile picha ya aproni inaponivutia kuliko michoro yote.

Wachoraji wa studio zile walikaa na shati jeupe na tai. Aproni na kikwanguo ni vya watu wa udongo. Mchoro ukikubaliwa, linajengwa gari zima la ukubwa wake halisi: kiunzi cha mbao, juu yake udongo maalum wa viwandani, wa kahawia, unaowekwa kwenye oveni mpaka ulainike, kisha unabandikwa kwa mkono tabaka juu ya tabaka. Ukipoa unakuwa mgumu, ndipo unakwanguliwa. Mtu anavuta chuma kutoka madigadi ya mbele hadi ya nyuma kwa pumzi moja, anarudi nyuma hatua tatu, anainama kutazama mwanga unavyoteleza ubavuni, anarudia. Pakivimba hata kidogo, mwanga unavunjika. Mwisho linavikwa utando mwembamba uitwao Di-Noc, wenye rangi kama ya gari, ili wakubwa wakija kulitazama waone gari, si udongo. Udongo ule ulitiwa salfa. Ndiyo harufu ya kiberiti iliyokuwa kwenye shuka za mama yako. Unasema mama hakuambii jambo la maana, kumbe kakutajia kazi ya mumewe na ushahidi wake juu.

Mchoro wa karatasini unadanganya, na wachoraji wenyewe wanajua: magurudumu makubwa, paa limebanwa, vishikio vya milango vimeachwa ili mstari usikatike. Mfinyanzi ndiye anayeubeba uongo ule na kuugeuza kitu kinachoweza kukaliwa na watu wanne. Ule mbinuko wa juu ya gurudumu la nyuma, kama kiuno cha chupa ya soda, unaowafanya watu wazima wapoteze akili mnadani, uliamuliwa kwa kikwanguo. Jina la aliyekishika halikuandikwa popote. Mwambie hivyo kijana wako, na umwonyeshe picha.

Inawezekana pia baba yako alifanya yote mawili. Michoro yenye herufi zake inanifanya nisifunge mlango. Wapo waliochora na kufinyanga, wapo waliofinyanga wakitamani kuchora. Ndiyo maana nakuomba uache kutafuta gari la baba, umtafute baba kazini: aliingia mwaka gani, aliandikwa kwa cheo gani, studio ipi, alikaa na nani. Ukilipata hilo, gari litajileta.

Hizo sahihi za wengine zisikuvunje moyo. Michoro ya studio ilikuwa mali ya kampuni. Ilibandikwa ukutani, ikatumika, na ikishatumika kwa kawaida iliharibiwa ili siri isitoke. Iliyobaki leo ni ile iliyotoroshwa, na watu waliitorosha kwa kila njia, mpaka ndani ya miguu ya suruali. Mikunjo migumu uliyoiona nadhani sasa umeielewa. Kwa hiyo baba yako alihifadhi kazi yake na kazi za wenzake, na kila sahihi ngeni ni mtu aliyemjua. Kati yao akiwepo hata mmoja aliye hai, au mtoto wake, huyo ndiye shahidi wako. Orodhesha kila sahihi, piga picha kwa karibu, mbele na nyuma, kwa sababu mihuri na namba za nyuma huweza kutaja studio au mradi.

Karatasi ya serikali ndiyo itakayokupa msingi, na hii mpe kaka yako wa Ohio. Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani ina fomu iitwayo SSA-7050. Mtoto wa marehemu anaweza kuitumia kuomba rekodi ya mapato ya mzazi wake, na rekodi ikiombwa kwa kirefu hutaja waajiri na miaka. Ataambatisha cheti cha kifo na uthibitisho wa uhusiano, na kuna ada, aulize kwanza kiasi chake. Siku utakapoiona kampuni na mwaka wa kwanza na wa mwisho kwenye karatasi moja, nusu ya ubishi nyumbani kwako itakuwa imekwisha. Nakisia mwaka wa mwisho utakuwa 1974, kama mama asemavyo. Vikwazo vya mafuta vya Oktoba 1973 viliyakuta magari haya tayari yamebanwa na bima na sheria za moshi, na Barracuda na Challenger zote mbili zilikomea modeli ya 1974.

Hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu (patent), ni mahali pengine, ingawa nakuonya usitegemee sana. Kampuni za Detroit zilisajili maumbo ya magari, hata ya bampa na taa, na sheria ya Marekani inataka hataza imtaje mtu, si kampuni tu. Mara nyingi aliyetajwa ni bosi. Jambo ambalo kijana wako hakulijua ni kwamba kwenye kanzidata ya ofisi ya hataza, hataza za kabla ya 1976 hazitafutiki kwa jina la mtu, ila kwa namba, tarehe au fungu. Mtu akiandika jina akakosa, asidhani hakuna. Majina yamo kwenye faharasa za kila mwaka, vitabu vinene vilivyopigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Mpe kazi hiyo yeye mwenyewe aliyesema fiksi: faharasa za 1967 hadi 1975, jina la babu yake, na majina ya zile sahihi nyingine.

Kwa barua pepe tu, bila visa, unaweza kuzifikia hazina tatu za Detroit. Maktaba ya Umma ya Detroit ina mkusanyo mkubwa wa historia ya magari, National Automotive History Collection, na ina vitabu vya anwani vya Polk ambavyo huweza kumtaja mtu na kazi yake. Maktaba ya Walter P. Reuther, Chuo Kikuu cha Wayne State, inatunza nyaraka za chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, na watu wa uhandisi pale Chrysler walikuwa na tawi lao. Uliza kama wafinyanzi walikuwamo. Dearborn, mji jirani, kwenye jumba la makumbusho la The Henry Ford, kuna kituo cha utafiti cha Benson Ford. Mahojiano na wabunifu wengi wa zamani, yaliyoanza kurekodiwa miaka ya themanini, unaweza kuyasoma bure mtandaoni kupitia Chuo Kikuu cha Michigan cha Dearborn, na humo watu hutajana sana. Ukiandika, usiandike "baba yangu alibuni Charger". Wanapokea barua za namna hiyo kila mara. Andika jina kamili, miaka, Highland Park, namba ya beji, na uambatishe ile picha ya aproni.

Na usilisahau Michigan Chronicle, gazeti la Wamarekani weusi wa Detroit, lililopo tangu 1936. Mtu mweusi ndani ya studio ya magari miaka ile alikuwa habari kwa jamii yake hata kama kwa kampuni hakuwa. Ford walimwajiri mbunifu wao wa kwanza mweusi, McKinley Thompson, mwaka 1956 tu, na huyo alishiriki michoro ya mwanzo ya Mustang na ya Bronco. Yeye ndiye aliyebuni gari jepesi la plastiki alilolikusudia kwa nchi za Afrika, akaliita Warrior. Ford hawakulitaka, akalijenga mwenyewe, na leo liko kwenye lile jumba la Dearborn. Alifariki 2006, na wengi wamelisikia jina lake baada ya hapo. Sasa fikiria waliokuwa chini yake kwa cheo, wasiokuwa na gari la kuwatambulisha.

Haya yote yanaweza kungoja wiki au mwezi. Mama hangoji. Siku akiamka yuko sawasawa, kaa naye asubuhi, usimuulize kuhusu magari. Mpe ile picha mkononi umuulize nani aliipiga. Muulize baba alikula nini akitoka kazini, nani alikuja nyumbani Jumapili, mke wa rafiki yake aliitwa nani. Rekodi kwa simu. Jina moja la jirani kutoka kinywani mwake likilingana na sahihi moja kwenye kasha, utakuwa umepata kitu ambacho maktaba zote tatu hazina.

Karatasi zenyewe usizipeleke kulaminetiwa, nakuomba. Najua mjini kuna kijana kila kona na mashine yake. Joto lile na gundi vikishaingia havitoki. Wino wa maka unapauka kwa jua, na unyevu wa pwani utakuletea ukungu na wadudu, kwa hiyo usitundike ukutani, usiweke kabati linalogusa ukuta wa nje. Laza michoro tambarare, tenganisha kwa karatasi nyeupe safi isiyo gazeti, iwe kwenye chumba kinachopita hewa. Ile iliyokunjwa usiipige pasi. Picha zipige kivulini, mchana, bila mwako wa kamera.

Tumalizie na huyo mnunuzi. Mtu anayetaka picha za michoro yote kabla ya kutaja bei, na anayekuwekea mwisho wa mwezi, ana haraka yake na si yako. Picha nzuri peke yake inamtosha kuchapisha nakala na kuuza. Nawe pia uwe mwangalifu: karatasi mnayo, lakini haki ya kuchapa na kuuza nakala ya kazi iliyofanywa kwenye ajira Marekani kwa kawaida ni ya mwajiri, kwa hiyo wazo la fulana na mabango mliache mpaka mwanasheria aseme. Mchoro wenye sahihi na tarehe, ukijulikana ni wa nani na wa gari gani, una thamani kubwa kuliko karatasi isiyo na ukoo. Kuuza sasa ni kuuza kabla hamjajua mnauza nini.

Kaka yako usimwone mlafi. Angekuwa mlafi, kasha lisingefika Mombasa. Mpigie, mshirikishe, mpe ile fomu aijaze yeye, na mkubaliane kwa maandishi kwamba hakuna kinachouzwa mpaka rekodi ya ajira irudi. Ikirudi, gawaneni nakala. Kama mtaamua kuuza baadhi, anzeni na ile isiyo na sahihi wala tarehe, na ile picha ya aproni isiguswe. Mnunuzi mjibuni mstari mmoja: hatuuzi kwa sasa, acha anwani yako.

Mjomba